Feni ya Msimu wa Baridi

Siku Hakimu alipoamua kwamba mama mkwe hahitaji kupumua, Mama Vifaranga alikuwa amepiga magoti mbele ya kitotoleshi, anaongeza maji kwenye sinia la chini ili mayai yasikauke. Ilikuwa alasiri, lakini chumba kilikuwa na giza la magharibi. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya paa tangu mwanzo wa juma, na mvua ilikuja na kuondoka kama mgeni asiyejua anachotaka. Kitotoleshi kilinguruma taratibu, taa yake ndogo ya njano ikiwaka. Ndiyo maana hakushtuka mapema. Kwake yeye, taa ile ikiwaka, nyumba nzima ilikuwa salama.

Kilichomshtua ni ukimya wa upande wa pili wa ukuta. Chumbani kwa mama mkwe kulikuwa na mashine ya hewa iliyovuma na kukoroma tangu walipomrudisha kutoka hospitali, na sauti yake ilikuwa imeingia ndani ya nyumba hadi hakuna aliyeisikia tena. Sasa ilikuwa haipo. Mama Vifaranga aliweka jagi la maji chini, akasikiliza, kisha akatoka mbio.

Alimkuta mama mkwe amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka. Mrija ulikuwa bado puani, lakini ulikuwa hauleti kitu. Midomo ilikuwa imeanza kuingia rangi ya majivu.

"Imezimika yenyewe," alisema mama mkwe. Akavuta pumzi katikati ya maneno. "Usi... usihangaike, mwanangu."

Mama Vifaranga alibonyeza swichi ya mashine. Kimya. Akabonyeza tena, kisha mara nyingine tena kwa nguvu, kana kwamba mashine ilikuwa inasikia vibaya. Akawasha taa ya chumba, ikawaka. Kwa hiyo umeme upo. Simu ikalia kwenye mfuko wa gauni lake, naye akaisoma akiwa amesimama palepale, mkono mmoja mgongoni kwa mama mkwe.

"Mpendwa mteja wa nyumba ya tatu. Kutokana na upungufu wa jua, kifaa kifuatacho kimesimamishwa kwa muda: feni. Asante kwa kuelewa."

Katika nyumba ile hapakuwa na feni.

Hakimu lilikuwa jina la kisanduku. Nyumba sita za uani zilikuwa zinatumia umeme wa jua kwa ushirika: paneli juu ya mapaa, betri kwenye chumba cha nyavu kando ya tangi la maji, na ukutani kisanduku cheupe chenye akili, kinachoangalia kila nyumba inatumia nini na saa ngapi. Jua likiwa jingi, kila mtu alipata. Jua likiadimika, kisanduku kiliamua nani akatiwe nini. Kinyozi wa nyumba ya pili ndiye aliyekipa jina, kwa sababu, alisema, kinahukumu bila kumsikiliza mtu na rufaa hakina. Siku kilipofungwa, fundi aliwaambia wasihangaike kukieleza mambo mengi. "Mkishaandikisha vifaa vyenu, basi. Kitawaangalia, kidogo kidogo kitawajua." Mke wa kinyozi akasema mumewe ana miaka ishirini ya kumwangalia na hajamjua, na uani pote pakacheka.

Sasa hakuna aliyekuwa anacheka. Umeme wa barabarani ulikuwa umekatika tangu nguzo ianguke kwa mvua, kwa hiyo kilichobaki ni hicho cha Hakimu.

Mama Vifaranga alivuta waya wa kuongezea kutoka chumba cha kitotoleshi, akaupitisha mlangoni, akachomeka mashine ya hewa. Ikakohoa, ikaanza kuvuma, na mama mkwe akafumba macho. Kwa muda wa kuhesabu hadi kumi vyombo vyote viwili vilifanya kazi pamoja. Kisha ukasikika mlio mdogo ukutani, tik, na vyote vikazimika.

"Matumizi ya laini yamezidi kiwango cha leo," simu ikasema. "Laini itarejea baada ya dakika chache."

Dakika chache za Hakimu zilikuwa ndefu. Mama Vifaranga alipasua boksi la chakula cha kuku akaanza kumpepea mama mkwe, akijua kabisa kwamba kupepea hakusaidii, kwamba anachokosa mama si upepo. Alipepea kwa sababu mikono yake ilikataa kukaa bure. Mama mkwe alikuwa hasemi tena. Alikuwa ameukazia macho ukuta, mdomo wazi, akifanya kazi moja tu duniani.

Laini iliporudi, Mama Vifaranga alikuwa ameshika plagi mbili, moja kila mkono, na laini ingebeba moja tu. Hakuwaza. Baadaye watu walipomuuliza aliwaza nini, aliona aibu kusema kwamba hakuwaza chochote. Alichomeka ya mama. Ya kitotoleshi akaiweka sakafuni, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Kupitia mlango aliona taa ya njano haikuwaka tena.

Ndani ya kile chombo yalikuwamo mayai yaliyobakiza siku chache tu kupasuka. Usiku uliopita aliyamulika moja moja kwa tochi na kuona vifaranga vinajigeuza ndani.

*

Wifi alifika asubuhi na teksi, kabla hata chai haijachemka. Alikuwa anafanya kazi mapokezi kwenye ofisi kubwa ya mjini, na mashine ya hewa aliinunua yeye, jambo ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kulisahau. Alimkumbatia mama yake, akaukagua mrija, akapitisha kidole juu ya mashine na kukiangalia kama kina vumbi. Ndipo akatoka sebuleni, akamgeukia Mama Vifaranga.

"Wifi, nataka unieleze vizuri. Mashine ya mgonjwa imezimwa, mashine ya kuku ikaachwa inawaka. Nimeelewa sawa au nimekosea?"

"Si mimi niliyezima, wifi. Ni kile kisanduku."

"Kisanduku." Wifi alilirudia lile neno kama mtu aliyetafuna mchanga. "Haya. Na kisanduku kina chuki gani na mama yangu?"

Mume alikuwa amesimama mlangoni na unga wa kiwandani bado kwenye nyusi zake. Alikuwa mwokaji mikate, zamu ya usiku, na uchovu ulimfanya aonekane ana umri wa baba yake. "Fundi anakuja," alisema. "Tumsikilize fundi kwanza."

Fundi alikuja amevaa koti la mvua la njano linalomfika magotini, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole na miguu yenye matope. Alivua viatu nje bila kuambiwa. Alikaa kwenye stuli, akatoa kompyuta yake bapa, akaifuta kwa mkono wa blauzi.

"Nimeangalia usiku," alisema. "Kisanduku hakikuharibika. Kilifanya kilichofundishwa. Kwenye nyumba hii kuna taa, kuna kitotoleshi, kuna redio, kuna feni. Baridi imeingia, jua hakuna, kikaona cha kwanza kuachwa ni feni. Nani anawasha feni msimu huu?"

"Feni ipi?" wifi aliuliza.

Upande wa pili wa pazia la mlango wa mama, mashine ilikuwa inavuma, shuu, shuu, shuu.

Fundi aligeuza kichwa kuelekea kwenye ile sauti. Akaangalia kompyuta yake. Akaangalia tena pazia. Uso wake ukabadilika, na kwa mara ya kwanza akaonekana mtu anayeogopa.

"Ile ndiyo feni?"

"Nani aliyeandikisha feni?" wifi akauliza, sasa kwa sauti ya chini, na sauti yake ya chini ilikuwa mbaya kuliko ile ya juu.

"Mimi," alisema Mama Vifaranga.

Ilikuwa kweli. Siku ya kuandikisha, fundi alipita nyumba hadi nyumba, majirani nyuma yake wakifuata kama harusi, na mama mkwe alimshika mkono chumbani akamsihi. Asiseme mashine ya hewa. Watu wakisikia mtu anapumulia mashine watasema ana kifua kikuu, watawakataza watoto wasije, hata mayai hayatanunuliwa. Sema feni, mwanangu, sauti yake si kama feni? Naye akatoka akasema feni, na mumewe alikuwepo, aliinamisha kichwa akafunga kamba za viatu. Wote watatu walijua. Ila neno lilitoka kinywani mwake yeye, na neno ni la aliyelitamka.

"Mume wako alikuwepo?" wifi aliuliza.

Mama Vifaranga alimtazama mumewe. Mume akaangalia sakafu.

"Nilisema mimi," alirudia Mama Vifaranga.

Fundi alijikohoza. "Hata hivyo," alisema, na alionekana kama mtu anayetamani asingekuwa na la kuongeza, "jina peke yake lisingetosha. Kisanduku kinafuata zaidi watu wanavyotumia. Kama ile mashine ingekuwa inawaka mfululizo, mchana na usiku, kisingeigusa hata kama mngeiita redio. Kitotoleshi hakikuguswa kwa sababu hamkizimi hata siku moja. Lakini hii..." Aliigeuza kompyuta ili waone. Kulikuwa na mstari wa kijani unaotembea sawa, kisha unaanguka, unatambaa chini, kisha unapanda tena. Siku inayofuata vilevile. Na inayofuata. "Kila asubuhi inazimwa. Si na kisanduku. Inazimwa na mtu, kwa swichi. Inakaa hivyo mpaka karibu na mchana, kisha inawashwa. Imekuwa hivyo miezi. Kisanduku kikajifunza kwamba wenye nyumba wenyewe wanaweza kukaa bila hicho kitu."

Wifi alisimama. Alifunga vizuri mtandio wake, bila haraka.

"Asubuhi ndugu yangu amelala, katoka zamu. Hajui hata nyumba ikiungua. Mama hawezi kwenda chooni bila kushikwa. Sasa anayebaki ni nani?"

"Wifi..."

"Mimi nauliza tu. Anayebaki ni nani, mwenye mayai yake, anayejua umeme ukiwa mdogo mayai yanaharibika?"

Mama Vifaranga asubuhi kweli alikuwa pale. Alikuwa nje anafagia mabanda, anachanganya chakula, anapeleka vifaranga kwa wateja wa mtaa wa pili. Hakuwahi kuigusa ile swichi. Lakini alitambua kwamba kama angekuwa ni mtu mwingine anasikiliza habari hii, hata yeye angeamini.

Alimgeukia mumewe amsaidie. Mume alikuwa anamtazama, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya mtu asiyelala.

"Ulikuwa unaizima?" aliuliza taratibu.

Maneno ya wifi angeyabeba. Haya hayakubebeka. Waliishi pamoja miaka, walizika mtoto pamoja, na bado swali lilimtoka. Mama Vifaranga alihisi kifua chake nacho kinabana, akafikiri, kumbe hivi ndivyo mama anavyojisikia.

Nyuma ya pazia kikasikika kikombe cha bati kinagongwa kwenye chuma cha kitanda. Ko. Ko. Ko.

Mume alivuta pazia. Mama mkwe alikuwa amejiinua kwenye mto. Alikuwa amelia, na kulia kulikuwa kumemmalizia pumzi, kwa hiyo walisubiri. Walisimama wote wanne, wakisubiri mwanamke mmoja apate hewa ya kutosha kusema sentensi.

"Ni mimi," alisema.

"Mama, usimtetee," alisema wifi.

"Kaa." Wifi akakaa. "Swichi iko hapa. Mkono wangu unafika. Ni mimi."

Alipumzika. Shuu, shuu.

"Lile wingu la kwanza. Mwaka jana. Kitotoleshi kilikatwa. Mayai yakaoza yote. Huyu," alimnyooshea Mama Vifaranga kidole kilichopinda, "aliyatupa shimoni usiku, ili mimi nisione. Nikamsikia analia shimoni. Nikasema, umeme ni huohuo mmoja. Mimi nikila kidogo, mayai yatapata. Asubuhi nina nguvu. Nakaa tu, sisemi, sitembei. Inawezekana." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nawasha kabla hajaja kuniletea uji."

Fundi alikuwa ameinamisha uso kwenye kompyuta yake, anasogeza kidole mahali pasipo na kitu. Wifi alikuwa anajaribu kukaza uso, na uso ulikuwa unamkatalia.

Mama Vifaranga alikasirika. Hakutegemea, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Mama, ungekufa," alisema. "Ungekufa nikiwa hapo nje nafagia mavi ya kuku. Ningewaambia nini hawa? Ungeniacha niseme nini?"

Mama mkwe alilishika pindo la gauni la mkwewe, akalishikilia.

*

"Kurekebisha ni rahisi," alisema fundi walipotulia. "Nafuta feni, naandika mashine ya tiba. Ikishaandikwa hivyo kisanduku hakiwezi kuigusa hata betri ikibaki na tone. Lakini kuna mambo mawili, na ni haki yenu kuyajua. Umeme uliopo ni huu huu. Mashine ya tiba ikichukua wake, kitotoleshi kitakatwa mpaka jua litoke, na majirani nao watapunguziwa. La pili, majirani watapata ujumbe. Ndiyo makubaliano ya ushirika, mtu akiongezewa, wenzake waambiwe sababu."

"Waambiwe nini?" aliuliza mama mkwe.

"Nyumba ya tatu, mashine ya kupumulia."

Mama mkwe alitikisa kichwa. "Acha feni."

"Mama," alisema wifi.

"Acha feni. Nimekaa hapa uani nikiwa mzima. Nimewazalisha wake zao. Sitaki waje kuniangalia dirishani." Pumzi. "Acha feni, nitaacha kuizima. Kitajifunza."

"Kitajifunza baada ya majuma," alisema fundi. "Mawingu ni ya leo."

Walibembeleza. Wifi alibembeleza kwa ukali, mume kwa kimya, na mama mkwe alishikilia feni yake kama mtu anayeshikilia kiti cha mwisho. Mwishowe Mama Vifaranga aliinama karibu naye.

"Mama, siku ile uliniomba niseme uongo, nikasema. Leo nakuomba mimi. Na mayai yangu ndiyo yanayokatwa, siyo ya mtu mwingine. Niachie niseme."

Mama mkwe alifumba macho. Kisha akageuza uso ukutani, na fundi akachukua hiyo kuwa ndiyo.

Alibonyeza. Wakasikia simu zinalia uani, moja nyumba ya kwanza, moja ng'ambo ya tangi, moja jirani kabisa, hadi tano. Mama mkwe alihesabu kila moja kwa kukunja shuka kidogo. Kisha milango. Kisha miguu kwenye matope, inakuja.

Kinyozi alisimama kizingitini na simu mkononi, kitambaa cha kunyolea kikiwa bado begani. Ujumbe ulikuwa umemwambia mashine zake za kunyolea zitafanya kazi nusu siku. Nyuma yake alikuwepo mkewe. Wifi alijipanga mbele ya pazia kama askari.

"Mnatafuta nini?"

"Hatutafuti kitu," alisema kinyozi. Alichungulia juu ya bega la wifi, akapaza sauti kidogo. "Mama, shikamoo. Nimeletewa habari kwamba feni yako imepata cheo."

Wifi hakusogea.

"Mama, mimi nalala ukuta wa pili. Feni gani inavuma usiku wa baridi, dirisha limefungwa, na mwenyewe amejifunika blanketi mbili? Tulijua siku nyingi. Mke wangu alinikataza nisiseme, alisema wewe mwenyewe utatuambia ukipenda." Akakuna shingo. "Mikasi ninayo. Nitanyoa kwa mikasi, nitawaambia wateja ndiyo mtindo mpya. Wenye vichwa vibaya watanisamehe."

Kutoka nyuma ya pazia ikatoka sauti ndogo, kavu. Walidhani anakohoa. Mama mkwe alikuwa anacheka.

Tik, ukasema ukuta. Kitotoleshi, kilichokuwa kimerudishiwa umeme kidogo kidogo tangu usiku, kilizimika, na safari hii simu haikuahidi dakika chache.

*

Mama Vifaranga aliingia chumba cha mayai peke yake. Alifungua mlango wa kitotoleshi, kipimajoto kikawa kinashuka mbele ya macho yake. Alitia mkono kwenye trei ya juu. Mayai bado yalikuwa na uvuguvugu. Mojawapo lilitingishika chini ya kidole chake. Alikaa sakafuni akiwa amelishika, akalia kwa dakika moja hivi, kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

Mume alimkuta hapo. Alisimama. Alikuwa na maneno, ilionekana, na yote yalikuwa mabaya.

"Swali lile," alisema.

"Acha."

"Nilikuwa sijalala."

"Nimesema acha. Shika trei."

Alishika trei. Hakujua anapeleka wapi, akamfuata. Mama Vifaranga alikuwa ameukumbuka mguu wake: kila jioni alipokaa kumsugua mama mkwe mgongo, mguu wake wa kushoto ulikuwa nyuma ya ile mashine, mahali inapotoa pumzi yake yenyewe, na mguu huo ulikuwa unapata joto hadi unatoka jasho. Alipiga magoti akaweka kipimajoto pale. Kikapanda. Akakitazama mpaka kikasimama, pungufu kidogo tu ya mahali anapopataka.

"Usizibe mdomo wa mashine," fundi alisema kutoka mlangoni, ameshavaa kiatu kimoja. "Acha nafasi. Boksi lililo wazi upande mmoja, joto lipite." Akavua kile kiatu, akarudi ndani, akakata boksi mwenyewe.

Waliyapanga mayai nyuma ya mashine, trei juu ya trei, na beseni la maji ya moto pembeni kwa unyevu. Juu palikuwa panavuja joto. Wifi aliangalia huku na huku, kisha akafungua mtandio wake, ule mzuri wa kuendea kazini, akaufunika juu ya boksi bila kusema lolote.

Mama mkwe alijisogeza ukingoni aone. "Yanapata?"

"Yanapata, mama. Mashine yako ikiwaka, yanapata."

"Na ikizimwa?"

"Ikizimwa yatapoa."

Mama mkwe aliuangalia mkono wake, ule unaofika kwenye swichi. Aliuingiza chini ya blanketi.

Alilala kwa zamu zake mwenyewe siku zile. Kila aliyepita alimkuta ameukodolea macho mshale wa ile mashine kama mlinzi wa benki. Wifi alipotaka kuizima kidogo ili apitishe fagio chini yake, mama mkwe alimwambia atafagia siku nyingine, watoto wamelala. Na siku boksi lilipoanza kulia, cio, cio, kwa sauti nyembamba isiyoeleweka inatokea wapi, aliita nyumba nzima, na hakuishiwa pumzi. Vifaranga vilivyotoka havikufika nusu ya mayai. Mayai yaliyobaki Mama Vifaranga aliyapeleka shimoni mchana kweupe, na mama mkwe alimwona akipita dirishani.

*

Jua lilitoka. Betri zikajaa, nguzo ya barabarani ikasimamishwa, kinyozi akarudi kwenye mashine zake, ingawa kulikuwa na kijana mmoja aliyesisitiza mikasi. Hakimu alituma ujumbe kwamba laini zote ziko wazi. Mama Vifaranga aliosha kitotoleshi, akakijaza mayai mapya, akafunga mlango wa kile chumba kwa kitasa. Kisha akachukua trei moja, akaenda nayo chumbani kwa mama mkwe, akaiingiza kwenye boksi nyuma ya mashine.

Mume alikuwa anakunywa chai. Alisikia kitotoleshi kinanguruma ng'ambo, akaona trei, akafungua mdomo. Mkewe alimtazama. Akaufunga mdomo kwa mkate.

"Mengine tena?" mama mkwe aliuliza.

"Kitotoleshi bado kibovu, mama. Kinasubiri kifaa. Utanisaidia haya mpaka kipone."

"Kwa hiyo nisiizime."

"Usiizime, mama."

Mama mkwe aligeuza kichwa kwenye mto, sikio likaelekea ukutani. Akasikiliza. Alikuwa na miezi ya mazoezi ya kuusikiliza ukuta ule.

"Mwanangu," alisema. "Mbona nasikia kitu kinanguruma kule?"

Mama Vifaranga alikuwa anapanga mtandio juu ya boksi. Hakugeuka.

"Hiyo ni feni, mama," alisema.

Mama mkwe alivuta pumzi, ndefu, mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akapita swichi bila kuigusa, akavuta pindo la mtandio lililokuwa limeanguka, akalifunika vizuri.